Picha kabla ya kisu: yale tuliyojifunza katika kupanga nyonga bandia

Picha ya nyonga haionyeshi nyonga peke yake. Inaonyesha nyonga ya mtu aliyelala chali, au aliyesimama, au aliyeketi, mguu wake ukiwa umegeuzwa hivi au vile, na tyubu ya eksirei ikiwa umbali fulani kutoka mwilini. Makosa mengi tunayoyakuta kwenye mipango ya kubadilisha nyonga hayatokani na programu wala na macho ya daktari. Yanatokana na kusoma vipimo bila kuuliza mwili ulikuwa umekaaje picha ilipopigwa. Hilo ndilo tunalolirudia kila siku kwa madaktari wanaojifunza na kwa wapiga picha tunaofanya nao kazi, na karibu kila kitu kitakachofuata hapa kinatoka humo.

Nyonga bandia ya kawaida ina sehemu nne: kikombe kinachokaa kwenye asetabulamu (tundu la fupanyonga linalopokea kichwa cha paja), bitana ya plastiki au kauri ndani ya kikombe hicho, kichwa cha duara, na shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kabla mgonjwa hajafika thieta tunataka majibu ya maswali machache. Kikombe kiwe cha kipenyo gani, na kitovu chake kikae wapi? Kielekee wapi? Shingo ya paja ikatwe milimita ngapi juu ya trokanta ndogo, ile nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani chini ya shingo? Shina liwe la ukubwa gani, na mguu uongezwe urefu kiasi gani? Eksirei moja ya fupanyonga iliyopigwa vizuri hujibu karibu yote. Iliyopigwa vibaya nayo hujibu yote, tena kwa sura ile ile ya uhakika, na ndiyo maana tunaikagua picha kwanza kabla ya kuchora mstari wowote juu yake.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika moja. Matundu mawili ya chini ya fupanyonga, kulia na kushoto, yawe na umbo na ukubwa sawa. Moja likiwa jembamba kuliko jingine, mgonjwa alikuwa amegeukia upande. Ncha ya kifandugu iangukie kwenye mstari wa kiungo cha kinena, sentimita 1 hadi 3 juu yake. Kifandugu kikiwa mbali sana juu au kikiingia nyuma ya kinena, fupanyonga lilikuwa limelala mbele au nyuma kuliko kawaida ya mkao huo. Miguu yote miwili igeuzwe ndani nyuzi 15 hivi, vidole gumba vya miguu vikikaribiana, ili shingo ya paja ilale sambamba na bamba la kupokea picha. Tena mwale uelekezwe chini kidogo, kwenye kiungo cha kinena, kwa sababu picha ya kawaida ya fupanyonga hukata paja mapema mno. Tunahitaji kuona mfupa wa paja sentimita kadhaa kupita pale ncha ya shina itakapoishia. Mfereji uliopinda au chuma cha zamani kilicho chini ya picha ni mambo ya kuyajua siku ya kupanga, si siku ya upasuaji.

Sasa gololi. Kivuli cha mkono ukutani hukua mkono unaposogea karibu na taa. Nyonga nayo, kwa kuwa imeinuka sentimita nyingi juu ya bamba, hutoka kwenye picha ikiwa kubwa kuliko ilivyo, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20, na zaidi kwa mtu mnene. Ili programu ijue ukuzaji huo, tunaweka gololi ya chuma yenye kipenyo kinachojulikana, mara nyingi milimita 25, kwenye usawa wa nyonga. Ikitokea milimita 30 kwenye picha, ukuzaji ni asilimia 120, programu inagawanya, na violezo vya vikombe na mashina vinakaa kwa kipimo cha kweli.

Kila kitu kinategemea gololi iwe kwenye kimo sahihi kutoka mezani. Chukua nyonga inayohitaji kikombe cha milimita 54, ukuzaji wake halisi ukiwa asilimia 120. Gololi ikibandikwa juu ya paja, karibu na tyubu, itakuzwa labda asilimia 130. Programu itagawanya kwa 1.3, nyonga itapunguzwa kupita kiasi, na kiolezo kitakachoonekana kukaa vizuri ni cha milimita 50. Gololi ikiachwa chini karibu na meza, ukuzaji wake ukiwa asilimia 110, kiolezo kitapanda hadi karibu milimita 59. Hizo si tofauti ndogo. Ndizo zinazofanya seti isiyofaa iagizwe, na ndizo zinazomfanya daktari aendelee kupanua asetabulamu akitafuta saizi aliyoiona kwenye kompyuta.

Mahali pazuri ni katikati ya mapaja, gololi ikishikiliwa na mkono wake wa kupinda, kwenye kimo cha trokanta kubwa, ile nundu ya mfupa iliyo pembeni mwa nyonga. Mpiga picha aiguse trokanta kwa kidole, apime kimo chake kutoka mezani, kisha aweke gololi hapo. Kwa mtu mnene trokanta haipatikani kirahisi, na hapo ndipo gololi huwekwa kwa kukisia. Tukiona picha ya mtu wa aina hiyo tunakuwa waangalifu zaidi. Kama nyonga ya upande wa pili imeshabadilishwa, kichwa chake cha chuma ndicho gololi bora kuliko zote: kipenyo chake kimeandikwa kwenye taarifa ya upasuaji, milimita 28 au 32 au 36, na kimekaa kwenye kimo cha nyonga hasa. Tumekuwa tukitumia kichwa hicho kuikagua gololi kila kinapokuwepo, na tunashauri kila idara ifanye hivyo. Tofauti ikizidi asilimia chache, kichwa ndicho cha kuaminiwa.

Kosa la pili kwa ukubwa ni mguu uliogeukia nje. Nyonga iliyochakaa hukakamaa ikiwa imegeukia nje, na mgonjwa hawezi kuugeuza mguu ndani hata akisaidiwa. Kwenye picha shingo ya paja huonekana fupi, trokanta ndogo hujitokeza kubwa upande wa ndani, na ofseti, yaani umbali kutoka kitovu cha kichwa hadi mstari wa katikati wa mfupa wa paja, hupungua. Ukipanga kwa picha hiyo utachagua shina lenye ofseti ndogo. Misuli ya pembeni italegea, mgonjwa atachechemea, na nyonga itakuwa tayari zaidi kuchomoka. Trokanta ndogo ndiyo shahidi: ikionekana kubwa upande mmoja kuliko mwingine, usipime ofseti upande huo. Pima upande wenye afya, kisha uhamishe kipimo. Kama pande zote mbili zimekakamaa, hapo CT, yaani picha ya vipande vya mwili, inahitajika, au mgonjwa ainuliwe upande mmoja wa mwili hadi shingo ya paja ilale sambamba na bamba.

Uchoraji wenyewe tunauanzia kwenye fupanyonga, hatuuanzii kwenye paja. Mstari wa kwanza unaunganisha sehemu za chini za alama mbili za chozi, kile kivuli kidogo chenye umbo la tone kilicho ndani na chini ya asetabulamu. Alama hizo hazihami sana hata fupanyonga likigeuka kidogo. Kutoka mstari huo tunashuka hadi trokanta ndogo, kila upande, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya urefu wa miguu inayotokana na nyonga. Sharti ni kwamba mapaja yote mawili yawe na pembe sawa na fupanyonga. Paja moja likiwa limevutwa ndani, kipimo kinadanganya. Tena si kila ufupi unatoka kwenye nyonga. Mgongo uliopinda huinamisha fupanyonga, na mgonjwa husema mguu wake mmoja ni mfupi wakati mifupa iko sawa. Msimamishe, umwekee vibao vya milimita 5 chini ya mguu mmoja mmoja hadi aseme yuko sawa, kisha linganisha na picha. Majibu mawili yakitofautiana sana, usiongeze urefu kwa kufuata picha tu.

Kikombe hufuata. Ukingo wake wa chini ukae kwenye usawa wa chozi, ukuta wake wa ndani ukaribie chozi bila kulipita, mwinamo, yaani jinsi mdomo wake unavyoinama kwenye picha ya mbele, uwe nyuzi 40. Angalia sehemu ya juu ya nje ya kikombe: ni milimita ngapi zitabaki bila kufunikwa na mfupa? Iandike namba hiyo, kwa sababu utaiona kwa macho kwenye jeraha na utaweza kuilinganisha. Kitovu cha kikombe sasa ndicho kitovu kipya cha nyonga. Kikiingia ndani milimita 5 kuliko kitovu cha zamani, ofseti ya upande wa paja iongezwe milimita 5, la sivyo mguu wote unasogea ndani na misuli inalegea.

Kisha shina. Tunachagua saizi inayojaza mfereji bila kuegemea upande, tunakiweka kitovu cha kichwa juu ya kitovu cha kikombe kwa urefu na ofseti tunayoitaka, na programu inaonyesha mahali pa kukata shingo, mara nyingi milimita 10 hadi 15 juu ya trokanta ndogo. Kichwa chenye shingo ndefu zaidi si njia ya kuongeza urefu peke yake wala ofseti peke yake. Shingo ya shina ikiwa na pembe ya nyuzi 135, kila milimita 4 unazoongeza kwenye kichwa huleta karibu milimita 2.8 za urefu na karibu milimita 2.8 za ofseti, vyote kwa pamoja. Anayetaka ofseti bila urefu achague shina la ofseti kubwa. Panga kwa kichwa cha urefu wa kati, ili thietani ubaki na nafasi ya kwenda juu na chini.

Saizi na urefu vikishapatikana, linabaki swali gumu zaidi: kikombe kielekee wapi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la Lewinnek na wenzake la mwaka 1978: mwinamo nyuzi 40, kuongeza au kupunguza 10, na mwelekeo wa mbele, yaani jinsi mdomo wa kikombe unavyogeukia mbele, nyuzi 15, kuongeza au kupunguza 10. Katika nyonga 300 walizozifuatilia, zilizokuwa ndani ya eneo hilo zilichomoka kwa asilimia 1.5, na zilizokuwa nje kwa asilimia 6.1. Waliokuja baadaye walizibeba namba na kusahau jinsi zilivyopatikana. Nyonga zilizochomoka zilikuwa 9 tu, na picha zilipigwa fupanyonga likiwa limesawazishwa kwa kipimamaji kilichowekwa juu ya ncha za mbele za fupanyonga na kinena. Mwaka 2016 Abdel na wenzake walichunguza nyonga zilizochomoka wakakuta asilimia 58 zilikuwa na vikombe ndani ya eneo hilo hilo la usalama. Eneo la Lewinnek bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Halitoshi kuwa mahali pa kumalizia.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo limewachanganya hata madaktari wenye uzoefu. Kikombe kimoja kina pembe tofauti kulingana na anayeipima. Murray alizipanga fasili hizo mwaka 1993: pembe za upasuaji, pembe za eksirei, na pembe za anatomia. Tuseme kishikio cha kupigilia kikombe kimeshikwa kwa mwinamo wa nyuzi 37 na kimepelekwa mbele nyuzi 25, fupanyonga likiwa limelala sawasawa. Eksirei ya kikombe hicho itaonyesha mwinamo wa 40 na mwelekeo wa mbele wa 20. Ukipima mwelekeo huo huo kwenye kipande cha mlalo cha CT utapata karibu 29. Kwa hiyo 20, 25 na 29 ni kikombe kimoja ambacho hakijasogea hata nywele. Daktari anayesoma 29 kwenye ripoti ya CT na kuishika kama lengo la eksirei, au anayeshika kishikio kwa nyuzi 40 akitegemea picha itoke 40, ameshakosea kabla ya kupiga nyundo. Kila mpango tunaouandika unataja pembe ni za aina gani, na tunaomba ripoti za CT zifanye hivyo pia.

Halafu fupanyonga lenyewe halitulii. Likiinamia nyuma kwa nyuzi 1, mwelekeo wa mbele wa kikombe huongezeka kwa takriban nyuzi 0.7. Mtu ambaye kikombe chake kinapima 20 akiwa amelala, na fupanyonga lake hurudi nyuma nyuzi 10 akisimama, anatembea na kikombe cha 27. Kwa mtu mwenye mgongo unaonyumbulika hili ni jema: akiketi, fupanyonga linarudi nyuma, kikombe kinafunguka mbele, na paja linapata nafasi ya kukunjika bila shingo ya shina kugonga ukingo. Tatizo liko kwa mgongo uliokakamaa, hasa ule uliofungwa kwa skrubu na vyuma vya kiuno. Fupanyonga halirudi nyuma, paja linalazimika kukunjika zaidi lenyewe, shingo inagonga mbele, na kichwa kinatolewa kwa nyuma. Kinyume chake ni mgongo bapa wa uzeeni: fupanyonga limeshalala nyuma hata mtu akiwa amesimama, kikombe kimefunguka mno, na akinyoosha mguu nyuma shingo inagonga nyuma na kichwa kinatokea mbele.

Hayo yote hayaonekani kwenye picha ya kulala chali. Yanahitaji picha mbili za ubavu, moja mgonjwa akiwa amesimama na nyingine akiwa ameketi, kila moja ikianzia pingili ya kwanza ya kiuno na kuishia chini ya nyonga. Kiti kiwe cha kimo kinachoyaweka mapaja sambamba na sakafu na magoti nyuzi 90. Kiti kirefu kinaharibu kipimo chote, kwa kuwa nyonga hazikunjiki vya kutosha na kila mgongo unaonekana mgumu. Mikono isiegemee popote. Tunapima mteremko wa sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, katika picha zote mbili. Kwa kawaida ni karibu nyuzi 40 akisimama na karibu 20 akiketi, yaani mabadiliko ya 20. Yakiwa chini ya 10, mgongo ni mgumu. Katika picha ya kusimama tunalinganisha pia pembe ya msingi ya fupanyonga, ambayo haibadiliki na mkao, na mkunjo wa kiuno: pembe ya msingi ikiwa 55 na mkunjo 40, tofauti ni 15, na tofauti inayozidi 10 inahesabiwa kuwa mgongo bapa.

Kwa mgongo mgumu tunasogeza lengo la mwelekeo wa mbele kuelekea 25 hadi 30 badala ya 20, likipimwa kwa mkao wa kusimama, na tunatumia kichwa kikubwa zaidi. Kwa mgongo mgumu ambao pia ni bapa, kikombe chenye mizunguko miwili (kichwa huzunguka ndani ya bitana, na bitana ndani ya kikombe), ule mfumo aliouanzisha Gilles Bousquet nchini Ufaransa miaka ya 1970, ndicho tunachokiamini kuliko ustadi wowote wa pembe. Lakini angalia: kwa mgonjwa huyo fupanyonga linaporudi nyuma akisimama, sehemu ya zile nyuzi 25 hadi 30 inaletwa na mkao wenyewe. Ukizipigilia zote kwenye mfupa ukitumia alama za fupanyonga lililolala chali, atasimama akiwa na 35 au zaidi. Hesabu hii ifanyike siku ya kupanga, kwa kalamu, na jibu la mwisho liandikwe kwa lugha ya mkao ambao mgonjwa atakuwa nao mezani.

Si kila mgonjwa anahitaji picha hizo za ubavu. Tunazitaka kwa aliyefungwa vyuma vya mgongo, mwenye kukakamaa kwa mgongo kwa ugonjwa, mwenye mgongo uliopinda, na kila anayekuja kurekebishiwa nyonga iliyochomoka. Panapokuwa na mashine ya EOS, iliyotokana na vitambuzi vilivyompa Georges Charpak Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, picha za mbele na ubavu hupigwa kwa pamoja mtu akiwa wima, kwa mionzi kidogo, na bila tatizo la gololi.

CT tunaiagiza pale maumbile yanapokuwa nje ya kawaida au pale roboti na vifaa vya kuchapishwa kwa umbo la mgonjwa vinapotumika. Mionzi yake si ya kupuuzwa: CT ya kawaida ya fupanyonga ni takriban milisiviti 6, wakati eksirei moja ni chini ya 1. Itifaki ya mionzi midogo inatosha kabisa kwa mifupa, maana hatutafuti uvimbe kwenye nyama. Vipande viwe vya milimita 1 au karibu na hapo, kuanzia juu ya ncha za mbele za fupanyonga hadi chini ya mwisho wa shina linalotarajiwa, kisha vipande vichache vya goti. Wengi hulisahau goti, na bila goti hakuna msokoto wa paja. Msokoto ni pembe kati ya shingo ya paja na mstari wa nyuma wa vifundo viwili vya goti, kwa watu wengi nyuzi 10 hadi 15, ingawa tunakutana na mapaja yaliyogeukia nyuma na mengine yanayozidi 40.

Mgonjwa asisogeze mguu kati ya vipande vya nyonga na vya goti. Inasikika kama jambo dogo, lakini mguu ukijizungusha nyuzi 8 katikati ya upigaji, msokoto utakosewa kwa nyuzi hizo hizo 8 na hakuna programu itakayogundua. Funga miguu kwa mkanda mpana, weka mto mdogo chini ya vifundo vya miguu, mweleze mgonjwa asubiri hadi aambiwe, kisha piga. Nyonga inayouma haivumilii kulala tuli kwa muda mrefu, kwa hiyo maandalizi yote yakamilike kabla ya meza kuanza kusogea.

Thamani ya msokoto ni kwamba shina lisilo la saruji hufuata umbo la mfereji. Daktari ana uhuru mdogo wa kuligeuza. Akililazimisha, paja linapasuka. Shina la saruji linaweza kugeuzwa kwa kiasi ndani ya saruji. Kwa hiyo msokoto ukijulikana mapema, kikombe hupangwa kulifuata shina. Widmer alitoa kanuni ambayo imekuwa msaada mkubwa: mwelekeo wa mbele wa kikombe, jumlisha 0.7 mara mwelekeo wa shina, uwe karibu 37. Shina likiwa na 20, kikombe kiwe 23. Likiwa na 30, kikombe kiwe 16. Likiwa na 5 tu, kikombe kinatakiwa kuwa zaidi ya 33, na hapo ni busara kubadili shina, kuchukua la saruji au lenye shingo inayogeuzika, kuliko kukifungua kikombe kiasi hicho. Pima msokoto kwenye kimo ambacho shingo itakatwa. Ule wa karibu na kichwa na ule wa chini mara nyingi havilingani, na shina linaongozwa na wa chini.

CT pia huonyesha sakafu ya uongo ya asetabulamu. Ugonjwa wa muda mrefu hujaza mfupa mpya ndani ya tundu, kichwa kinasukumwa nje, na daktari asiyejua huanza kupanua juu ya mfupa huo akidhani ndio sakafu. Kikombe kinaishia nje milimita 8 au 10 kuliko kilivyopangwa, na hakina ukuta wa juu wa kukishika. Kwenye eksirei unene huo huonekana kama ukungu kati ya chozi na kichwa. Kwenye CT unaupima kwa milimita na kujua upanue ndani kiasi gani kabla ya kuanza kupanua kwa upana.

Mpango ukishakamilika, kazi ni kuufikisha mezani. Pembe hazionekani kwenye jeraha, milimita zinaonekana. Kwa hiyo karatasi tunayoibandika ukutani thietani ina umbali wa kukata shingo kutoka trokanta ndogo, umbali wa kitovu cha kichwa juu au chini ya ncha ya trokanta kubwa, milimita za kikombe zitakazobaki wazi juu, na nafasi ya ukingo wa kikombe dhidi ya kano ya mlalo iliyo chini ya asetabulamu. Kano hiyo ni mwongozo mzuri wa mwelekeo wa mbele, kwa sababu inasogea pamoja na fupanyonga.

Mgonjwa aliyelala ubavu hakai alivyolazwa. Kifaa cha kuvuta paja mbele ili asetabulamu ionekane hulibingirisha fupanyonga mbele, na kikombe kilichopigiliwa kwa nyuzi 25 dhidi ya sakafu huishia na pungufu ya hapo ndani ya mwili. Fupanyonga pia huinama kwa upande, na kikombe hutoka kikiwa kimesimama zaidi ya ilivyokusudiwa, jambo linaloongeza uchakavu wa bitana ukingoni. Baada ya kumfunga mgonjwa kwenye nguzo za meza, msukume na kumvuta kwa mkono. Akicheza sasa, atacheza zaidi baadaye. Kabla ya kupigilia kikombe, legeza kifaa cha kuvuta na uhakikishe fupanyonga limerudi mahali pake.

Mpango na mfupa vikipingana, simama utafute sababu. Kipimio cha shina kikikwama saizi mbili chini ya ile iliyopangwa, mara nyingi kimeingia kikiwa kimeinama, kwa sababu mfupa wa ndani ya trokanta kubwa haukuondolewa vya kutosha. Kikipita saizi mbili juu bila kushika, kagua hesabu ya gololi, kisha kagua kama paja halijapasuka. Piga picha ya eksirei ya thietani kipimio kikiwa ndani; dakika chache hizo ni rahisi kuliko upasuaji wa pili.

Nyonga ya kuzaliwa na kasoro ina mambo yake. Tangu 1979 tunazigawa kwa madaraja manne ya Crowe kulingana na jinsi kichwa kilivyopanda. Tarajia kikombe kidogo, mfereji mwembamba na msokoto mkubwa. Agiza CT, na hakikisha vikombe vya milimita 40 na mashina madogo yapo kabla ya kumlaza mgonjwa. Kwa nyonga iliyozama ndani ya fupanyonga, lengo linageuka: kitovu kitolewe nje, mfupa wa kichwa usagwe na kujazwa sakafuni. Kwa kichwa kinachokufa kwa kukosa damu, picha ya miezi sita iliyopita haifai, maana umbo linabomoka haraka. Piga upya.

Baada ya upasuaji, picha ya kwanza ya kitandani hutosha kuona kama nyonga imekaa na kama hakuna mfupa uliovunjika. Haifai kupimia ofseti wala pembe, kwa kuwa mguu umegeukia nje na fupanyonga limeegemea upande. Picha ya kulinganisha na mpango ipigwe mgonjwa akirudi kliniki, takriban wiki 6 baadaye, kwa gololi ile ile, miguu ikigeuzwa ndani nyuzi 15, na kwa mkao ule ule wa picha ya awali. Weka mpango na matokeo kwenye jedwali moja: saizi, mwinamo, mwelekeo, urefu, ofseti. Baada ya wagonjwa wengi makosa huonyesha upande yanakoelekea. Vikombe vyote vikitoka vimesimama kwa nyuzi 4 hadi 5 zaidi ya mpango, rekebisha nguzo za meza au shusha kishikio. Saizi zote zikitoka juu kwa moja, nenda chumba cha eksirei ukaangalie gololi inawekwa wapi.